Kichina cha Mtoko, Kichina cha Nyumbani

Mtoko wa wikiendi Dar bila "Kichina" haujakamilika: wali wa kukaanga, kuku wa sosi tamu yenye uchachu, na bili ya kutoa jasho. Najua vijana wanaokopa kwa ajili ya Jumamosi moja tu, Jumatatu hawana nauli. Lakini jamani, Mchina mwenyewe akiwa kwake anakula hivyo?

Kilizaliwa ugenini
Wahamiaji wa Guangdong walioingia Marekani karne ya 19 walipika kwa walichokikuta sokoni na kwa ulimi wa wateja wao. Sukari ikaongezeka, nyama ikazidi majani. India nako, kuku wa Manchurian unayemkuta kwenye menyu nyingi za mjini anatajwa kuwa kazi ya Nelson Wang, mpishi wa Mumbai, mwaka 1975. Alianza na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbichi kama Wahindi, kisha badala ya masala akatia sosi ya soya. Jina la Manchuria, chakula cha Mumbai!

Kwao wali ni mweupe
Majumbani China, wali wa kila siku hauna chumvi wala mafuta. Kaskazini wanapenda zaidi vyakula vya ngano, kama tambi. Sichuan wana pilipili ya kutia ulimi ganzi. Guangdong samaki mzima hupikwa kwa mvuke na tangawizi. Na ule wali wa kukaanga? Shosti, ni kiporo! Wali wa jana umekauka, punje hazishikani, ndiyo maana unakaangika vizuri.

Chungulia gengeni
Sisi wa Temeke, Wachina si wageni kwetu. Ndio waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na stesheni yake iko hapa hapa. Pale soko la Stereo, chainizi inauzwa kwa mafungu kila siku. Wengi tunaipika na nyanya mpaka inalala. Kichina ni hivi: ioshe, ikaushe maji, pasha karai kwenye mkaa uliokolea, tia mafuta kidogo na punje nne za kitunguu saumu. Anza na mashina, fuatisha majani na chumvi, geuza dakika moja au mbili, ipua ikiwa bado ya kijani. Bei yake haikaribii ile bili.

Mboga katikati
Kwa maoni yangu, tofauti kubwa si sosi, ni meza. Hotelini kwetu kila mtu na sahani yake, na siku hizi na simu yake. Mchina ana kibakuli chake cha wali, lakini mboga zote zinakaa katikati, kila mtu anachota, kama sisi na sinia la pilau. Anayekujali anakuchagulia kipande kizuri na kukuwekea kwenye bakuli lako.

Hapo ndipo utamjua mwenzio. Anakumegea au anawahi mapaja? Anakumbuka kuwa huli pilipili? Mkitoka tena, agizeni mboga mbili na wali mweupe, mle pamoja. Kama mfuko umekauka, pikeni chainizi nyumbani, simu zikae chumbani. Asiyeweza kufurahia hicho na wewe, bili kubwa haitamfanya akupende.