Akina Mama, Tusingoje Damu: Mlango wa Kizazi Upimwe Mapema

Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa ambao akina mama wengi huuficha kwa aibu: saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 nchini waliugua katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,500 walifariki. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wao wangeweza kupona kama wangepimwa mapema.

Ugonjwa huanzaje?

Chanzo chake ni virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Karibu kila mtu mzima hupata virusi hivi wakati fulani, na mwili huvifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache virusi hubaki, na polepole hubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi. Mabadiliko haya si saratani bado. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, na muda wote huo mama haumwi wala hatokwi na kitu. Ndiyo sababu anayengoja dalili huwa amechelewa.

Tujifunze kwa mkulima wa migomba. Mnyauko ulipoingia Muleba, aliyekagua shamba lake mara kwa mara na kuondoa mgomba wenye ugonjwa aliokoa shamba. Aliyengoja hadi ndizi ziive kabla ya wakati na kuoza ndani, alipoteza mengi.

Kila umri na hali yake

Wasichana wa miaka 9 hadi 14: hawa hawahitaji kupimwa, wanahitaji chanjo. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 sindano moja inatosha. Chanjo hii haimfanyi msichana kuwa tasa, kama wengine wanavyovumisha.

Wanawake wa miaka ya ishirini: wengi wao wana maambukizo yatakayokwisha yenyewe. Kuwapima wote kungesababisha wengi watibiwe bila sababu. Lakini yeyote anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa amwone mganga, bila kujali umri.

Wanawake wa miaka 30 hadi 50: huu ndio umri wenyewe wa kupimwa, maana mabadiliko ya hatari huonekana zaidi hapa. Mama asiseme, "Mimi ni mzima." Kipimo hiki ni cha wazima.

Waliokoma hedhi: baada ya miaka 50 sehemu inayobadilika huingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi, na kipimo cha siki huweza kushindwa kuiona. Bibi zetu wamwulize mganga juu ya kipimo cha Pap au cha virusi vya HPV. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma si "ujana kurudi." Ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Wanaoishi na virusi vya UKIMWI: Kagera yetu ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na tunajua familia zetu zimepitia nini. Mama mwenye virusi hivyo ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi, na mabadiliko kwake huenda haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, na arudie mara nyingi zaidi kuliko wengine. Anapokwenda kuchukua dawa zake, aulize.

Kipimo chenyewe

Mama hulala kitandani, mhudumu akatazama mlango wa kizazi na kuupaka siki iliyozimuliwa. Baada ya dakika moja hivi, sehemu iliyobadilika huweza kuonekana nyeupe. Hakuna kukatwa, na majibu hutolewa papo hapo. Doa dogo linaweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku ile ile, na kizazi hakitolewi. Saratani ikishakomaa, safari ni ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na shamba la kahawa huuzwa kwa nauli na matibabu.

Neno kwa akina baba

Mke akikutwa na mabadiliko haya, si ushahidi kwamba ametoka nje ya ndoa. Virusi huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na mwanamume huvibeba bila kujua. Kwa hiyo, baba, usimgombeze mkeo. Mpe nauli na umsindikize. Kwa anayeishi kisiwani Bumbire au Goziba, nauli ya mtumbwi peke yake inatosha kumkatisha tamaa mama.

Ulizeni siku za kupima katika kituo cha afya kilicho karibu, au katika hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage wilayani Muleba, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Mama aliyekwisha kupimwa amchukue jirani yake, dada yake na shangazi yake. Wakienda wawili au watatu, aibu hupungua.