Kinga ya Mwili Inapomdhuru Mwenyewe

Kinga ya mwili ni mlinzi, lakini mara nyingine mlinzi huyo hupita kiasi na kumdhuru bwana wake. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Uingereza, Gell na Coombs, waliyagawa madhara hayo katika aina nne.

Aina ya kwanza huzuka katika dakika chache. Mtu aliyekwisha kuumwa na nyuki huumwa tena. Histamini humwagika mwilini, koo huvimba na shinikizo la damu hushuka. Huyo hudungwa adrenalini bila kukawia. Katika aina ya pili, kingamwili hushambulia chembe zenyewe, kama mgonjwa atiwapo damu isiyopatana na yake. Aina ya tatu huweza kutokea siku kadhaa baada ya kudungwa seramu ya farasi ya kutibu sumu ya nyoka: kingamwili hushikamana na seramu hiyo, na mafungu yake hukwama katika mishipa midogo, viungo na figo. Katika aina ya nne, chembe nyeupe za damu zenyewe huvimbisha ngozi baada ya siku mbili au tatu, kama ionekanavyo katika kipimo cha kifua kikuu.

Basi, msomaji, ikiwa dawa iliwahi kukudhuru, mweleze daktari kabla hujadungwa sindano.