Ulezi wa Viongozi Wapya wa Utafiti kwa Njia ya Mtandao

Utemini ni kata ya mji wa Singida, na jina lake, kwa umbo, ni neno utemi pamoja na kiambishi -ni cha mahali. Cheo cha utemi kilifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini neno limebaki na funzo lake. Miongoni mwa Wanyamwezi, mathalani, mtemi alikuwa na wanyampara wa kumshauri. Uongozi ulikuwa kazi ya kufunzwa.

Kiongozi wa utafiti aghalabu hana bahati hiyo. Shahada ya uzamivu humfundisha kuuliza swali na kulitafutia jibu. Haimfundishi kutunza hesabu za fedha za mfadhili, kuajiri wasaidizi, wala kuamua ugomvi wao.

Uchukuliwe mfano wa mtafiti akaaye Utemini, aliyepewa fedha za miaka miwili ili akusanye msamiati wa Kinyaturu vijijini. Hapana budi apate kibali, apeleke barua mkoani na wilayani, kisha ajitambulishe kwa watendaji wa kata na vijiji. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kibali kikichelewa, wasaidizi watafika wakati wazee wamo mashambani, na mishahara itaendelea kulipwa pasipo kazi. Aliyekwisha kuongoza kazi ya namna hiyo angemwonya mapema. Mgeni wa kazi huonywa na hasara.

Hapo ndipo ulezi wa mtandaoni unapofaa. Mwaka 2007 shirika la INASP la Uingereza lilianzisha mpango uitwao AuthorAID, ili kuwakutanisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi walio mbali, khasa katika uandishi wa kitaaluma. Njia hiyo yafaa pia kwa uongozi wa utafiti. Mlezi aweza kuwa Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo. Tena, kwa kuwa si mwajiri wa mtafiti, huweza kuambiwa yale ambayo mkubwa wa kazi hafichuliwi: kwamba hesabu hazilingani, au msaidizi hatii.

Yafaa wawili hao wapatane tangu mwanzo juu ya siku za kuzungumza, mambo yatakayokuwa siri, na mwisho wa ulezi wenyewe. Kila mazungumzo yawe na jambo mahususi: makisio ya fedha, ratiba, au rasimu ya ripoti.

Hata hivyo mlezi wa mbali hauoni uso wa mzee anayehojiwa, wala hajui nani asalimiwe kwanza kijijini. Kwa hayo mtafiti amtafute mlezi wa pili, mwenyeji wa mahali. Fedha zilizopotea huenda zikapatikana tena. Mzee akifariki kabla ya kusikilizwa, maneno aliyoyajua huenda yakazikwa naye.