Supu ya viazi: chungu cha Kabezi ziwa linapofungwa

Ndagala wanapoadimika katika soko la Kabezi, viazi mviringo huteremka kutoka milimani kuziba pengo. Hata hivyo, kiazi peke yake hakiwezi kushika nafasi ya samaki. Supu ya viazi huwa mlo kamili pale tu inapopikwa kwa mpangilio mzuri na kuongezewa vyakula vinavyokamilisha upungufu wake.

Mwaka 2024, nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa kaya za mwambao, kuanzia Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, hatua kama hiyo hupunguza kitoweo cha kila siku. Jambo hilo si dogo katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa watoto 56 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa.

Viazi vinatoka wapi?

Asili ya kiazi mviringo ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Nchini Burundi kinaitwa ikiraya, jina linalosikika jirani kabisa na neno Ulaya. Zao hili hupenda baridi. Kwa sababu hiyo halistawi katika joto la tambarare ya Imbo, ilipo Kabezi, bali katika nyanda za juu kama Mugamba na Bururi. Viazi vinavyopandwa Februari au Machi huanza kuvunwa mnamo Juni, wakati uleule ambao ziwa hufungwa. Hata Siku ya Kimataifa ya Viazi, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza 30 Mei 2024, iliangukia ndani ya kipindi hicho.

Kuchagua na kuhifadhi

Kiazi kizuri ni kigumu, kikavu na hakina kijani. Kikikaa juani au kwenye mwanga, ngozi yake hubadilika kuwa ya kijani, dalili kwamba huenda sumu iitwayo solanini imeongezeka ndani yake. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha, na inaweza kuleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Kiazi kilichogeuka kijani, au chenye ladha chungu, hakifai kuliwa.

Joto la mwambao huharakisha kuchipua. Ni busara kununua viazi vya siku chache tu, na kuviweka gizani, mahali penye hewa, mbali na vitunguu.

Mpangilio wa kupika

Kwa kaya ya watu sita, mahitaji ni viazi kilo moja na nusu, maji lita mbili, vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya tatu, punje chache za kitunguu saumu, vijiko viwili vya mawese, fungu la lengalenga na chumvi kiasi. Huongezwa kikombe kimoja cha ndagala wakavu waliosafishwa na kusagwa, au vikombe viwili vya maharage yaliyokwisha kuiva.

Viazi huoshwa kabla ya kumenywa na kukatwa vipande vidogo. Visioshwe tena baada ya kukatwa, kwa kuwa wanga unaotoka kwenye vipande ndio utakaoipa supu uzito. Mawese hupashwa kwa moto wa wastani. Yakiunguzwa hadi wekundu wake ufifie, hupoteza viini ambavyo mwili huvitumia kutengeneza vitamini A. Kisha hukaangwa vitunguu, kitunguu saumu na karoti, na baada ya hapo hufuata viazi na maji.

Sufuria hufunikwa kwa muda wa dakika 20 hivi, hadi viazi vilainike. Hapo mpishi huponda takribani theluthi moja ya vipande kwa mwiko, akivibana kwenye ukingo wa sufuria, na supu huanza kuwa nzito bila kuhitaji unga.

Nyanya huingia baada ya hatua hiyo. Wapishi wengi huzitanguliza, kisha hushangaa kuona viazi haviivi licha ya makaa kuteketea. Sababu ni uchachu wa nyanya, ambao huzuia viazi kulainika upesi. Baada ya nyanya hutiwa ndagala au maharage, na supu huachwa ichemke kwa dakika 10. Lengalenga hutiwa dakika tano za mwisho, ili isipoteze virutubishi vingi kwa moto wa muda mrefu.

Kiazi na wenzake

Kiazi kina wanga, potasiamu na kiasi cha vitamini C, lakini karibu sehemu nne kwa tano za uzito wake ni maji, na protini yake ni gramu mbili hivi kwa kila gramu 100. Ndagala mkavu, kwa upande wake, ana protini inayozidi nusu ya uzito wake. Hiyo ndiyo maana ya kuweka akiba ya ndagala waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa. Kaya isiyo na akiba hiyo inaweza kutegemea maharage.

Mtoto aliyetimiza miezi sita huanza kupewa chakula cha kulikiza huku akiendelea kunyonya. Supu yake ipondwe yote, iwe nzito kiasi cha kutomwagika upesi kijiko kinapoinamishwa, na itengwe kabla ya kutiwa chumvi au pilipili. Supu nyepesi hujaza tumbo dogo kwa maji.

Usafi na kiporo

Mwambao huu unaifahamu kipindupindu. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo. Supu inayochemka vizuri huua vijidudu vyake, lakini hatari hurudi iwapo majani mabichi yaliyooshwa kwa maji ya ziwa yatanyunyizwa juu yake, au bakuli likisuuzwa kwa maji hayohayo. Maji ya kuoshea vyombo nayo yawe salama.

Mahali pasipo na jokofu, supu isikae zaidi ya saa mbili baada ya kuepuliwa. Inayobaki ndani ya muda huo irudishwe motoni na kuchemka tena kabla ya kuliwa. Iliyolala usiku kucha kwenye joto itupwe, hata kama haijabadilika harufu.