Folda Iliyofutwa Ikirudi, Usipige Windows

"Fundi, ile folda nimeifuta tena asubuhi na imerudi. Nipige Windows tu?"

Swali hili linanifikia kwa ujumbe wa sauti, kwa simu za usiku, hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Folda zenyewe hutofautiana. Ya mmoja imejaa viungo vya michezo ya kubashiri, ya mwingine ina tovuti za shule aliyoacha kufundisha zamani, ya mwingine ina jina la kampuni iliyotengeneza kompyuta. Mwenendo ndio ule ule: unaibonyeza, unaifuta, inatoweka kwenye upau wa alamisho, na kesho yake ipo palepale. Na karibu kila anayeniuliza ameshapewa dawa kabla hajafika kwangu: piga Windows upya, au kwa uchache ondoa Chrome uiweke tena.

Dawa hii haiponyi, na inaharibu mali za watu.

Kwenye kompyuta ya Windows, Chrome huhifadhi alamisho zako katika faili moja liitwalo Bookmarks, ndani ya AppData ya mtumiaji. Ni maandishi ya kawaida. Ukilifungua kwa Notepad utaona majina ya folda zako na anwani za tovuti zikifuatana, na jirani yake kuna nakala ya akiba iitwayo Bookmarks.bak. Ukiondoa Chrome kwa njia ya kawaida, programu inaondoka na faili hilo linabaki. Dirisha la kuondolea lina kisanduku cha kufuta pia data ya kuvinjari, lakini ni lazima ukiwekee tiki mwenyewe, na wengi hawakitazami. Chrome ikirudishwa inakuta faili lake lilipo, folda nayo inaonekana. Hapo fundi anamwambia mteja kwamba ni virusi sugu, na bei inapanda.

Haya, tuseme tiki iliwekwa. Tuseme hata Windows imepigwa na diski imefutwa yote. Unaweka Chrome, unaingia kwa akaunti yako ya Gmail kwa sababu unayataka manenosiri yako, unawasha usawazishaji. Kabla hujashika kikombe cha chai, folda imeshuka kutoka kwenye seva ikiwa na kila kiungo chake. Chrome haijakosea. Imefanya kazi ambayo imekuwa ikiifanya tangu toleo la 4 la Januari 2010, yaani kuhakikisha kwamba alamisho zilizomo kwenye akaunti yako zinakufuata kila unapoingia. Firefox nayo ina huduma hiyo ndani yake tangu toleo la 4, Machi 2011.

Wanaocheza kikoba wataelewa haraka. Katibu ana daftari kuu na kila mwanachama ana nakala yake. Ukichoma nakala yako kwa sababu ina jina usilolitaka, kisha ukaenda kwa katibu kunakili upya, jina utalinakili tena. Kupiga Windows ni kuchoma nakala.

Kinachoniuma ni gharama. Nimekaa na kijana wa shahada ya uzamili aliyepoteza sura nzima ya tasnifu yake iliyokuwa Desktop, kwa sababu ya folda ya alamisho ambayo haikuwa imemdhuru kwa lolote. Nimemwona mwenye duka la vipuri akiandika upya ankara za wateja kutoka kwenye karatasi, usiku, mkewe akimsomea tarakimu. Wote wawili walilipia kazi hiyo, na wote wawili folda iliwarudia siku hiyohiyo. Fundi anayepiga Windows bila kuuliza kwanza kama usawazishaji umewashwa hajachunguza chochote, na mteja ana haki ya kudai pesa yake.

Kuna na dawa ndogondogo. Kufuta kache na kuki: orodha ile ya data ya kuvinjari ina historia, kuki, picha zilizohifadhiwa, manenosiri, lakini alamisho hazimo kabisa, kwa hiyo unaweza kuifuta mchana kutwa. Kuendesha programu ya kuua virusi: hiyo hutafuta faili zenye madhara, na folda ya viungo haina madhara ya kutafutwa.

Sasa nije kwenye kosa ninalolikuta kwa watu makini, wale ambao wameshajua kwamba chanzo ni akaunti. Wao huzima usawazishaji kwanza, wanafuta folda kwa utulivu, kisha wanauwasha tena. Folda inarudi, nao wanaamini kwamba kompyuta imerogwa.

Tazama kinachotokea. Kufuta folda wakati usawazishaji umewashwa hupeleka taarifa kwenye seva: kitu fulani kimefutwa. Seva inaiandika na kuipeleka kwenye simu na kompyuta zako nyingine, nazo zinakifuta. Ukizima usawazishaji kabla ya kufuta, taarifa hiyo haiendi popote. Seva bado ina folda. Utakapowasha tena, kompyuta yako inahesabiwa kama mgeni anayejiunga, na sheria ya kujiunga ni kuunganisha: vilivyoko kwako vinaongezwa kwenye akaunti, vilivyoko kwenye akaunti vinaongezwa kwako. Hakuna kinachopunguzwa, maana programu haiwezi kujua kama kitu kisichokuwepo kwako ulikifuta au hukuwahi kuwa nacho. Ikibahatisha vibaya, itakufutia alamisho za miaka. Kwa hiyo inachagua kubakiza, na mimi nakubaliana na uamuzi huo hata pale unaponiletea wateja wenye hasira.

Sheria hiyo ya kuunganisha ndiyo iliyomsumbua mwalimu mmoja wa sekondari aliyenijia na kompyuta iliyokwisha kupigwa Windows. Folda yake ilikuwa na vichwa vya ajabu: fomu za mikopo ya wanafunzi, tovuti ya ajira, matokeo ya mitihani, kurasa za kubadili picha kuwa PDF, na viungo kadhaa vya filamu. Aliapa kwamba hajawahi kuzifungua, na nilimwamini. Nilimuuliza huchapisha wapi mitihani ya wanafunzi. Akanitajia steshenari jirani na shule. Unafunguaje barua pepe pale? "Naingia kwenye Chrome yao, wananiwashia kila kitu, nikimaliza natoka."

Kila alipoingia na usawazishaji ukawashwa, alamisho za mashine ya steshenari ziliunganishwa na akaunti yake. Akirudi nyumbani anazikuta, anazifuta. Wiki inayofuata ana mtihani mwingine wa kuchapisha, na mzunguko unaanza upya. Ile folda ilikuwa mabaki ya wateja wa steshenari. Na mabaki huenda pande zote mbili: ukitoka kwenye akaunti kwa njia ya zamani bila kufuta data, alamisho zako hubaki kwenye mashine ile, na mteja anayefuata huondoka nazo. Mwalimu aliponyamaza nilijua ameelewa, kwa sababu swali lake la pili lilikuwa kuhusu manenosiri.

Matoleo mapya ya Chrome yameanza kutenganisha alamisho za akaunti na zile za kifaa, na hilo linasaidia. Lakini mashine inayotumia Windows 7 imeishia Chrome 109, toleo la Januari 2023, na mashine za namna hiyo bado zinachapisha mitihani, vyeti na wasifu wa waombaji kazi. Usiwashe usawazishaji kwenye kompyuta isiyo yako. Fungua dirisha fiche, soma barua pepe, chapisha, funga.

Kuna folda ambazo chanzo chake ni kingine. Kama Chrome haikuruhusu hata kuifuta, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani na utafute neno ManagedBookmarks. Likiwepo, folda imewekwa na sera, mara nyingi ya ofisi, na kompyuta ikiwa ya mwajiri, nenda kwa watu wa TEHAMA wa ofisi yako. Ukitaka tu isionekane, bonyeza kulia kwenye upau wa alamisho na uondoe tiki ya kuionyesha. Laptopu zilizotumika zinazoletwa kutoka ofisi za nje huja wakati mwingine na sera za mwenye mali wa kwanza, zimeandikwa kwenye rejista ya Windows chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Kuondoa Chrome hakuzigusi. Hapa peke yake ndipo kupiga Windows kuna mantiki, tena kwa sababu nyingine kabisa: laptopu ya mtu usiyemjua ilipaswa kusafishwa kabla hujaandika nenosiri lako la kwanza. Na kama sera zimetokea kwenye kompyuta yako binafsi bila ofisi yoyote kuhusika, kuna programu iliyoziweka, na hiyo ndiyo ya kuwindwa.

Nyingine si folda za kufutwa. Ile ya alamisho za simu ni sehemu ya kudumu ya Chrome na huonekana inapokuwa na kitu ndani. Toa vilivyomo, itajificha yenyewe. Firefox tangu toleo la 85 la 2021 huonyesha folda ya alamisho nyingine kwenye upau, na kuiondoa pale ni suala la kubonyeza kulia na kutoa tiki. Edge ina mpangilio wa kuleta data ya Chrome kila inapofunguliwa. Uzime kwenye ukurasa wa kuingiza data. Mwenye iPhone aliyeweka iCloud kwenye Windows anaweza kuwa na huduma mbili zinazosawazisha alamisho zilezile, ya Apple na ya Google, kila moja ikirudisha kilichofutwa na mwenzake. Chagua moja uzime nyingine. Na pitia viendelezi, hasa vya kuhifadhi alamisho.

Kwa waliobaki, fanya hivi. Kwanza hamisha alamisho zako zote kuwa faili la HTML kupitia chrome://bookmarks, na uliweke mahali salama. Usawazishaji ukiwa umewashwa na intaneti ipo, futa folda ukiwa kwenye ukurasa huohuo, usiondoke, angalia kwenye simu mpaka uone imetoweka huko pia. Ikirudi, zima usawazishaji kwenye vifaa vyote, futa data iliyo kwenye seva kupitia chrome.google.com/sync, safisha alamisho kwenye kifaa kimoja, na uwashe hicho kwanza. Kifaa kingine chochote kisiunganishwe kabla ya kufutiwa alamisho zake, la sivyo kitaleta folda ileile kama zawadi. Ukipoteza kitu, una faili la HTML. Kwenye Firefox usihangaike sana: hutunza nakala za akiba za alamisho, kwa kawaida hadi 15, na unaweza kurudisha ya siku unayoitaka ukiwa kwenye dirisha la kusimamia alamisho.

Kabla ya yote hayo, fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, usome orodha ya vifaa vilivyoingia. Simu uliyompa mpwa wako, kompyuta ya ofisi uliyoacha, mashine ya steshenari: kila kimoja kilichowashiwa usawazishaji hakipokei viungo tu, kinaweza kupokea na manenosiri. Toa kila usichokitambua au usichokishika tena mkononi. Kukitoa kutoka mbali hakuhakikishi kwamba kilichokwisha kushuka huko kimefutika, kwa hiyo siku hiyohiyo badilisha nenosiri la akaunti yenyewe, kisha la benki, kisha la kila tovuti uliyoiruhusu Chrome ikukumbukie.