Haarlemmermeer: Nchi Iliyotolewa Chini ya Ziwa

Msafiri anayeshuka Schiphol kwa ndege ya kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kilimanjaro huamini amefika Amsterdam. Kiutawala, bado. Ametua Haarlemmermeer, manispaa jirani upande wa kusini-magharibi, yenye meya wake, baraza lake na wakazi zaidi ya 150,000. Na pale anaposimama kusubiri mizigo, bahari iko juu kuliko yeye: uwanja mzima umelala takriban mita 3 chini ya usawa wa bahari.

Hapa palikuwa ziwa. Lilikula kingo zake karne baada ya karne na kumeza vijiji, hata Waholanzi wakalibandika jina la mbwamwitu wa maji. Novemba 1836 dhoruba iliyasukuma maji yake hadi karibu na malango ya Amsterdam. Krismasi ya mwaka huohuo dhoruba nyingine ikayageuzia upande wa Leiden. Serikali ikaamua ziwa liondoke. Vibarua wakachimba mfereji wa kilomita 60 hivi kulizunguka lote, wakainua tuta, kisha vituo vitatu vya pampu za mvuke vikaanza kunyonya. Kuanzia 1849 hadi Julai 1852 maji yalivutwa usiku na mchana, mpaka hekta zipatazo 18,000 za matope zikaliona jua.

Kimoja cha vituo hivyo, Cruquius, kimehifadhiwa kama makumbusho, na mgeni mwenye saa chache kati ya ndege mbili angefanya vyema kufika huko kuliko kuzungukia maduka ya uwanjani. Silinda ya mashine yake ina upana wa zaidi ya mita 3.6, ilitengenezwa Cornwall, Uingereza, na hakuna mashine ya mvuke iliyowahi kuwa na silinda pana zaidi. Ila sifa za mashine zisitusahaulishe watu. Waliochimba mfereji na familia za kwanza kuhamia waliishi vibandani, kipindupindu na homa vikawapunguza, na wakulima wengi wa mwanzo walifilisika juu ya udongo mbichi uliosongwa na magugu. Manispaa iliundwa mwaka 1855 katikati ya dhiki hiyo. Waliofuata ndio waliokuja kuvuna ngano, viazi na viazisukari katika mfinyanzi ule. Mpaka leo pampu zinafanya kazi; zikizimwa, maji yatarudi.

Mwaka 1916 jeshi lilinunua kipande cha shamba karibu na ngome ya Schiphol ili kutulizia ndege zake. Ndege za KLM zikaanza kutua hapo 1920, mara nyingi kwenye tope. Mwaka 1967 lilifunguliwa jengo jipya katikati ya mashamba, na baada ya hapo uwanja ukakua sana: mwaka 2019 ulipitisha abiria zaidi ya milioni 71. Kijiji cha Rijk kilivunjwa chote kupisha njia za kurukia ndege. Jina lake sasa limebaki kwenye eneo la ofisi na maghala, Schiphol-Rijk.

Hoofddorp, makao makuu ya manispaa, ni mji wa watu wanaofanya kazi: nyumba za matofali, njia za baiskeli, mifereji iliyonyooka, na madaraja meupe ya msanifu Santiago Calatrava ambayo yamepewa majina ya ala za nyuzi. Kazi za uwanjani huwalisha wengi hapa, na biashara imeizunguka manispaa pande zote. Waridi nyingi za Naivasha hushukia Schiphol, kisha malori huzivusha mfereji hadi soko la mnada la Aalsmeer, manispaa ya jirani. Lakini ndege zinazoleta mkate ndizo zinazovunja usingizi, na sheria za kelele huzuia kujenga nyumba katika sehemu kubwa ya ardhi, wakati nchi nzima inalia na uhaba wa nyumba. Naona wakazi hawa wana haki ya kusikilizwa kabla ya mashirika ya ndege, kwani wao ndio wanaobeba mzigo usioonekana kwenye bei ya tiketi.

Njia mpya ya kurukia, Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, ilisogezwa mbali, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, ili kuwapunguzia watu kero. Lakini mngurumo mzito wa ndege zinazoondoka ukaanza kutambaa ardhini hadi kwenye nyumba za Hoofddorp. Kisha ikaonekana kwamba wakulima walipolima baada ya mavuno, mngurumo ulipungua, kwa kuwa matuta yaliutawanya. Kutokana na hilo ikazaliwa bustani ya Buitenschot, iliyofunguliwa 2013: msanii Paul de Kort alisaidia kusanifu safu za matuta marefu ya udongo na nyasi, na kati yake watu hutembea na watoto hucheza. Mashamba yaliyo karibu na njia za ndege nayo hulimwa upesi baada ya kuvuna ngano, ili mabata bukini wasikute punje za kuwavuta angani kwenye mkondo wa injini.