Foleni ya Dharura Haianzii Mapokezi

Hospitali ikipata fedha za kuboresha idara ya dharura, swali la kwanza kikaoni huwa lilelile: tununue mfumo gani wa kompyuta utakaomaliza foleni? Madaktari na wauguzi wa dharura wamelisikia mpaka wamelichoka. Hakuna programu inayomaliza foleni ya dharura. Hospitali inayonunua mfumo kwa tumaini hilo itabaki na foleni ileile, safari hii ikiwa na namba na rangi kwenye skrini.

Swali hilo limejengwa juu ya imani iliyoota mizizi hata kwa wakurugenzi: kwamba idara hujaa kwa sababu wenye mafua na vidonda vidogo wanakimbilia hospitali kubwa badala ya zahanati, na karani wa mapokezi anaandikisha polepole. Basi akipewa kompyuta yenye kasi, mlango utapumua.

Imani hii imepimwa, na haikusimama. Mwaka 2007, Michael Schull na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahudhurio zaidi ya milioni 4 katika idara 110 za dharura jimboni Ontario, Kanada. Kila wagonjwa 10 wenye shida ndogo waliofika ndani ya saa 8 waliambatana na ongezeko la wastani wa dakika 5.4 tu katika muda ambao wagonjwa wenye hali nzito zaidi walikaa idarani. Hata wangerudishwa nyumbani wote, mgonjwa mahututi angeokoa dakika chache mno.

Sababu yake haihitaji utafiti mwingine. Mwenye mafua hukaa kwenye benchi, huonwa, huandikiwa dawa, huondoka. Hashiki machela, hatumii oksijeni, hahitaji muuguzi wa kumwangalia kila baada ya dakika 15. Anayeijaza idara ni yule ambaye tayari ameonwa na akaambiwa atalazwa. Mgonjwa wa nimonia aliyeamuliwa kulazwa saa 3 usiku anaweza kukutwa palepale saa 4 asubuhi, na bomba la oksijeni puani, akisubiri kitanda. Kitanda chenyewe kiko wodini, na aliyekilalia aliruhusiwa tangu jana. Anangoja bili ifungwe, dawa zitoke famasi, ndugu waje na usafiri. Saba wa namna hiyo wakikaa kwenye idara yenye machela kumi, zimebaki tatu kwa ajili ya mji mzima. Hapo karani hata aandikishe kwa sekunde 30, atakuwa amewahamisha watu kutoka foleni ya kwanza kwenda ya pili.

Basi mfumo una kazi gani? Ya kwanza ni triaji, yaani kumtanguliza anayestahili kutangulia. Mizani ya triaji iliyotengenezwa Afrika Kusini, na kutumika katika nchi nyingine za Afrika pia, humpa mtu mzima alama kwa upumuaji, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu, uwezo wa kutembea na kama ameumia. Alama 7 au zaidi ni nyekundu: ahudumiwe papo hapo. Rangi ya chungwa ni ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Kompyuta hujumlisha alama hizo bila kukosea, lakini haimhesabii mtu pumzi. Muuguzi akikadiria upumuaji kwa jicho na kuandika 20 kwa kila mgonjwa, skrini itatoa rangi za uongo.

Kazi ya pili ndiyo inayopuuzwa: kutunza saa. Saa ya kufika, ya triaji, ya kuonwa na daktari, ya kuamuliwa kulazwa, ya kuondoka. Taarifa zikiingizwa kwa mkupuo mwisho wa zamu, wagonjwa wa usiku kucha wataonekana wamefika, wameonwa na kuondoka ndani ya robo saa, na ripoti ya mwezi itapongeza idara iliyozidiwa. Na saa nazo huweza kupotosha kazi zikigeuzwa shabaha. Uingereza iliweka lengo kwamba kufikia 2004, asilimia 98 ya wagonjwa wawe wameondoka idarani ndani ya saa 4. Mwaka 2010 likashushwa hadi asilimia 95. Watafiti walipochora takwimu, walikuta wagonjwa wengi wakitolewa dakika za mwisho kabla ya saa ya nne kugonga.

Anayenunua mfumo leo ahakikishe haya. Uruhusu triaji na matibabu kabla ya jina, bima na malipo. Nchini Kenya, Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Umpokee asiyejulikana kwa jina la muda, kisha faili zake ziunganishwe. Rangi ibadilike hali inapobadilika, na ukumbushe muda wa kupima tena ukifika. Saa ijiandike yenyewe kila hatua inapobonyezwa. Vitanda vya wodini vionekane kwenye skrini ya dharura. Fomu za karatasi zenye mpangilio uleule ziwe mezani tayari kwa wakati umeme au mtandao unapokatika.

Kisha kila asubuhi kikao cha hospitali kisome takwimu moja: tangu daktari alipoamua kulaza hadi mgonjwa alipoondoka idarani, zimepita saa ngapi? Wanaopaswa kuijibu ni wakuu wa wodi, famasi na uhasibu, na wajibu kabla ya saa 4 asubuhi, ili walioruhusiwa waondoke mchana huohuo.